Mstari wa Mafunjo Kawangware

Msumari wa bati kuukuu, ukinyofolewa kwa ukucha wa nyundo, hulia kama kiumbe kilichoamshwa usingizini kwa kuvutwa sikio: mkwaruzo mfupi, kisha mluzi mkavu unaopanda, kisha kimya. Nilikuwa nimechuchumaa katika ua wa ploti moja ya Kawangware, mikono matopeni hadi viwikoni, nikipima mashina ya mafunjo, nilipousikia wa kwanza. Ulipolia wa pili niliinua kichwa. Ulipolia wa tatu nilitambua kwamba juu ya nyumba ya Mama Nafula kulikuwa na mwanamume mwenye nyundo, kwamba hakuwa akitengeneza paa bali akilifungua, na kwamba chanzo cha kazi yake kilikuwa mimi na mimea yangu.

Nitalifikia paa hilo kwa zamu yake. Nimestaafu majuzi, na nyinyi vijana wa idara mmeniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi, ikiwezekana yawe ya kutia moyo. Vyeo nitaviruka, kwa kuwa sijawahi kuona cheo kikiotesha kitu. Mshahara nao ni habari ya huzuni, haifai kusomwa kabla ya chakula. Nitaeleza badala yake jambo ambalo mmekuwa mkinicheka nalo chinichini mkidhani sisikii: kwa nini sikuwahi kukubali mmea wowote wa kudumu utiwe ardhini katika ua wa mpangaji kabla sijaketi na mwenye ploti, na jirani yake, na ikiwezekana shemeji yake.

Nilizaliwa Kitui, katika kijiji ambacho maji yake yalifukuliwa kwenye mchanga wa mto mkavu. Nilipomwarifu baba kwamba ninakwenda chuo kikuu kusomea shahada ya pili ya mimea ya kinamasi, aliniuliza kwa upole kama kuna mtu aliyenilazimisha. Ilikuwa miaka ya tisini. Profesa aliyenisimamia, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa ana wajukuu, alikuwa na wazo ambalo hadi leo naliona jema: maji ya kufulia na ya kuoshea vyombo, yale yanayomwagwa kwenye mitaro ya Kibera na Kawangware, yapitishwe kwanza katika kitalu kidogo cha mafunjo mlangoni pa mwenye nyumba. Mafunjo ni wenyeji wa nchi hii kuliko sisi sote. Hunywa maji machafu bila kulalamika, hunenepa, kisha huyatoa yakiwa safi kiasi kuliko yalivyoingia, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu kamati nyingi nilizoketi.

Siku ya kwanza kazini niliripoti kwenye bustani ya idara nikiwa na sketi ya kijivu iliyopigwa pasi na viatu vya kisigino kifupi. Msimamizi wa bustani alikuwa Wafula, mtu wa Bungoma, mwenye masharubu na panga ambavyo vyote viwili alivishughulikia kila asubuhi kabla ya kunywa chai.

“Karibu, Daktari,” alisema.

“Mimi si daktari bado.”

“Najua. Nakuita mapema ili siku ukifika usishtuke.” Akavitazama viatu vyangu kwa heshima ya matangani. “Na hivyo ni vya nini? Tunazika nani leo?”

Alinipa gambuti zilizokuwa za mtu mwenye miguu miwili isiyolingana, panga, karai na bunda la kamba ya katani, akaniambia hivyo ndivyo vyombo vya taaluma, mengine ni mapambo. Ndiye aliyenifundisha kupanda mafunjo, na kwa kuwa vitabu vina kipaji cha kulivuruga jambo hili, nitalieleza. Usihangaike na mbegu. Chimbua kipande cha lile shina nene linalotambaa chini ya matope, kiwe na ukubwa wa kiganja na macho mawili matatu yanayotaka kuchipua. Mashina yaliyosimama yakate yabaki mafupi, la sivyo upepo utayashika kama mkono na kuung’oa mmea wako wote. Kipande kilaze, usikisimamishe, kifukie hadi macho yachungulie tu, halafu kikandamize kwa jiwe, maana kina hewa ndani na kwa tabia yake hupenda kuelea. Maji yafunike matope kidogo, basi, hadi machipukizi yatoke. Yakishika, tandaza kokoto na uyashushe maji yawe chini yake, ili mbu wakatage kwa jirani. Maji ya sabuni hayadhuru. Dawa ya kung’arisha nguo nyeupe huua. Shungi la juu likigeuka rangi ya chai, kata shina lote hadi chini bila huruma, na jipya litakuja limenyooka zaidi.

Nilikuwa mwanafunzi mwenye hofu. Nilipima kila kitu mara mbili, kisha nikapima kama nilipima sawasawa. Wafula alisema ningeolewa ningempima mume kila Jumatatu kuona kama ameongezeka.

Tulianzia Kibera, Mashimoni, kwa mama mmoja aliyeuza omena karibu na kioski cha maji, jina lake Mama Akinyi. Ua wake ulikuwa na upana wa mlango uliofunguliwa nusu, hivyo tulipanda ndani ya makarai yaliyotoboka na matairi ya lori. Mimea yenyewe tuliileta kutoka Naivasha ikiwa imefungwa kwa magunia mabichi. Mama Akinyi aliinua gunia, akachungulia, akaketi chini.

“Hii si togo?” aliuliza, kwa jina la mafunjo katika Kijaluo.

“Ndiyo, mama.”

“Mimi nimetoka ziwani nikaacha togo imejaa kila mahali. Nikapanda basi usiku mzima kuja kutafuta maisha. Sasa serikali imenifuata na togo mpaka Kibera?”

“Si serikali, mama. Ni chuo kikuu.”

“Hiyo ni mbaya zaidi. Serikali husahau.”

Mafunjo yalistawi Mashimoni kuliko nilivyotabiri kwenye pendekezo langu la utafiti. Siku moja nilifika na rula yangu nikakuta mashina yote ya majaribio yamekatwa, na mlangoni pa Mama Akinyi kumetandikwa mkeka mpya wa kijani.

“Zilikuwa zimekomaa, nyathina,” alisema, akiniita mwanawe. “Ulitaka nizitazame zikizeeka? Vua viatu, kalia utafiti wako.”

Nilivua, nikakalia. Kwenye taarifa niliandika kwamba kumekuwa na mavuno ya mapema. Na hapo ningeweza kubaki hadi mwisho wa masomo yangu kwa amani. Mashimoni kila kitu kilipaswa kuweza kubebwa, kwa sababu njia iliweza kupanuliwa asubuhi na ukuta kuhamishwa mchana, na mafunjo yetu yalitii kanuni hiyo. Karai likisogezwa, mmea ulisogea nalo. Hakuna aliyeuliza lolote.

Lakini Profesa alikuja na wageni. Waliteremka hadi pale kutoka upande wa Nyayo Highrise wakiwa wameinua suruali, wakatazama makarai, wakatazamana. Jioni aliniita ofisini.

“Mueni,” alisema, “karai si ikolojia. Nataka kitalu cha kudumu. Ndani ya ardhi. Kitu ambacho mgeni akikiona hahitaji kuelezwa.”

Ndivyo tulivyofika Kawangware. Mama Nafula alikuwa mwenyeji wa Kakamega, mjane, mama wa watoto watatu, na alifua nguo za watu wa Lavington. Maji aliyomwaga kwa siku yangetosha kijiji chetu cha Kitui kwa wiki na kubaki ya sherehe. Ploti aliyopanga ilikuwa na vyumba vya mabati pande mbili, na upande wa tatu, nyuma ya choo, kulikuwa na ukanda mtupu ambako mtaro ulipita ukiambaa ploti ya jirani. Nilimwona keateka, mtunzaji wa ploti, Kimani, nikamwomba ruhusa ya kupanda mimea. Alisema maua hayana shida, apelekewe na yeye moja la kuweka dirishani.

Wafula alikuwa amekwenda Bungoma kwenye mazishi ya mjomba, kwa hiyo kitalu hicho nilikichora mwenyewe. Nawaomba msome sentensi zinazofuata polepole. Kwa kuwa mimi ni mtu wa vipimo, nilileta tepu ya chuma. Nilipigilia vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Nilivuta kamba ya katani kutoka kigingi hadi kigingi, ikakaa imenyooka kabisa, sambamba na ploti ya jirani, nikachimba mtaro chini yake. Nilifanya hayo yote mchana, Nairobi, katika miaka ambayo mtu aliweza kwenda kanisani akarudi akakuta uwanja wa shule umekuwa wa mheshimiwa.

Mwanamume mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta wa choo alinitazama kwa muda.

“Sista, mnapima?”

“Tunapima,” nilijibu, nikifurahi kwamba jamii imeanza kushiriki.

Aliizima sigara yake kabla haijaisha, akaondoka.

Siku ya uzinduzi Profesa alikuja na mpiga picha. Majirani walikusanyika wengi kuliko tulivyowaalika, jambo nililolihesabu kuwa mafanikio. Profesa alipiga magoti, akalaza funjo la kwanza mwanzoni mwa mstari, akalikandamiza kwa jiwe mbele ya watu wote, picha ikapigwa. Kisha akahutubia.

“Mimea hii imekuja kukaa,” alisema. “Mimi nitaondoka. Nyinyi mtaondoka. Hii itabaki hapa.”

Watu walinyamaza kabisa. Niliuchukua ukimya ule kuwa usikivu.

Mvua zilinyesha vizuri, mafunjo yakapanda hadi yakapita kichwa changu, shungi zake zikitikisika juu ya mabati kama watu wenye nywele timtim wanaochungulia kwa jirani. Maji yalitoka upande wa pili yakiwa ya kuridhisha. Nilikuwa na vipimo vya msimu mmoja na nusu. Nikimaliza wa pili, ningekuwa na shahada. Nilianza hata kulala.

Mama Nafula ndiye aliyeacha kulala. Kwanza aliacha kucheka. Kisha niliona kwamba majirani waliokuwa wakimwachia watoto na jiko sasa walimpita bila salamu. Siku moja alinikaribia akipangusa mikono kwenye leso.

“Madam, haya mambo yako yanaweza kuhamishwa?”

Nilimweleza kwa kirefu kuhusu mizizi, kuhusu mshtuko wa mmea unaohamishwa katikati ya msimu, na kuhusu umuhimu wa vipimo visivyokatizwa. Alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za hali ya hewa ya nchi nyingine.

“Sawa,” alisema. “Basi Mungu atajua.”

Yafuatayo ndiyo asubuhi ya misumari. Nilitupa rula nikakimbia hadi mbele ya nyumba. Kimani alikuwa juu ya paa, hatazami mtu. Chini ya ngazi alisimama mwenye ploti mwenyewe, mwanamke mzee aliyevaa kitambaa cheupe kichwani na koti zito la mwanamume, mkononi ana mwavuli uliofungwa. Wapangaji wote walimwita Shosho, yaani bibi. Aliishi juu kule, karibu na maduka ya Riruta Satellite, na nilikuwa sijawahi kumwona, kwa kuwa katika upimaji wangu wote sikuwahi kupima ni nani hasa mwenye udongo. Mama Nafula alikuwa mlangoni, watoto wamemshika nguo.

“Yaye, Shosho, nihurumie!” alikuwa akisema. “Sasa hawa nitawapeleka wapi? Mbingu yenyewe unaiona.”

“Mama Nafula, wewe ni mtu mzuri. Ungekuwa mtu mbaya ukawafungulia wezi mlango, ningeelewa. Kimani! Nyundo inalala?”

Nilijitokeza, nikiwa nimepakwa matope kama mzimu wa mfinyanzi.

“Shosho, hii mimea ni yangu. Ni ya utafiti.”

Aligeuka, akaniangalia kutoka gambuti hadi nywele.

“Wewe ndiye wa kamba?”

“Ndiyo.”

“Nani amekutuma? Ni Mbugua?”

Mbugua, kama nilivyokuja kuelewa kwa dakika zilizofuata, alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, na ploti iliyokuwa nyuma ya choo ilikuwa yake. Tangu mazishi alikuwa akidai kwamba ukanda ule wa mtaro ni wake pia, na kwamba mjane hana haja ya udongo mwingi. Alikwisha kuleta wapimaji wenye kalamu masikioni mara mbili. Na kwa desturi waliyokulia wote wawili, mpaka wa shamba hauandikwi, hupandwa: mmea usiokufa, kwa mstari, mbele ya mashahidi. Sukuma wiki mpangaji apande atakavyo, kwa kuwa sukuma wiki huliwa ikaisha na haidai kitu. Lakini mmea wa kudumu, uliopandwa kwa kamba, na mzee mwenye miwani aliyepiga magoti na kutangaza kwamba hautaondoka kamwe! Majirani walikuwa wamempelekea Shosho hotuba ya Profesa neno kwa neno, pamoja na mkao wake.

“Lakini kama ulidhani ni mpaka,” nilisema, “mbona hukuyang’oa tu?”

Kimani aliacha kunyofoa misumari.

“Aca! Hapana!” alisema Shosho. “Wewe umesoma mpaka ukapitiliza. Mpaka wa mtu haung’olewi na mtu mwingine. Anayeung’oa anajilaani, yeye na tumbo lake. Nimekaa na miaka yote hii nije nilaaniwe na majani? Mimi siyagusi. Mpangaji wangu hayagusi. Lakini mabati ni yangu, nilinunua mimi. Nikitoa paa, huyu atahama, na mwenye mstari atakuja kuuliza mlinzi wake ameenda wapi. Hapo ndipo nitamjua.”

Nimehudhuria makongamano mengi tangu siku ile na sijasikia hoja iliyofungwa vizuri namna hiyo. Niliitafutia tundu kwa sababu ndiyo kazi yangu, nikalikosa.

“Basi nitayang’oa mimi,” nilisema. “Sasa hivi. Mimi ndiye niliyepanda.”

“Wewe ulishika kamba. Aliyepanda ni yule mzee. Picha ilipigwa.”

“Huyo ni mwalimu wangu.”

“Mwalimu wako aje. Aling’oe lile lake la kwanza, mbele ya watu walewale, aseme hana mpaka hapa. Yale mengine wewe endelea nayo, uyaweke kwa karai ukitaka. Karai sina vita nalo. Hata Mbugua akilibeba mpaka kwake hapati inchi.” Aliugonga mwavuli chini. “Kimani, shuka unywe chai. Mvua ikifika kabla ya huyo mwalimu, panda umalize.”

Mama Nafula hakunitukana. Aliingia ndani, akaanza kusogeza kitanda kutoka chini ya lile pengo, akikivuta peke yake, na nilipotaka kumsaidia alisema, “Wacha, Madam. Nenda ukapige simu.”

Kibanda cha simu kilikuwa Satellite, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilikwenda kwa miguu, nikitunga maneno. Lazima mfahamu kwamba hakuna mwanafunzi wa Profesa aliyewahi kumwagiza jambo. Kuna mmoja aliyemsahihisha tahajia ya jina la Kilatini, akamaliza masomo yake katika nchi nyingine. Sahihi yake peke yake ndiyo iliyokuwa kati yangu na shahada, na mimi nilikuwa nikienda kumwambia aje Kawangware apige magoti kwa mara ya pili, avuruge kwa mikono yake kitalu alichokionyesha wageni, na pamoja nacho vipimo vyangu vyote vya msimu. Nilitunga simu ya unyenyekevu. Nikaona ni ndefu. Nikatunga ya kisayansi, yenye utangulizi. Nikatunga moja ambamo Profesa mwenyewe angefikia wazo la kuja bila mimi kulitaja, na hiyo nikaipenda sana hadi nilipokumbuka kwamba Profesa hajawahi kufikia wazo la mtu mwingine.

Nilipita kibanda. Nikasimama mbele ya duka nikasoma bei za misumari. Nikarudi. Niliinua simu, nikaishika, nikaendelea kufikiri. Nyuma yangu palikuwa na foleni.

“Sista,” alisema mwanamke mmoja aliyebeba kuku kwapani, “hiyo simu unapiga ama unaiombea?”

“Mwache,” alisema mwingine. “Labda ni bwana yake.”

“Kama ni bwana, asipige. Kama si bwana, aharakishe.”

Upande wa Ngong mbingu ilikuwa imekuwa rangi ya sufuria. Nikapiga. Katibu wake aliniambia Profesa yuko na watu. Nilimwambia amtoe. Nilisikia kiti, mlango, kisha sauti niliyoifahamu.

“Haloo?”

“Profesa, ni Mueni. Niko Satellite.”

“Ah! Vipi mafunjo?”

“Yamestawi mno. Ndiyo sababu ninapiga.”

Nilimweleza yote kwa pumzi moja, bila utangulizi: Shosho mjane mwenye ploti, shemeji, kamba, hotuba yake, paa.

“Mwambie ni utafiti tu.”

“Nimemwambia. Anasema hata waliotumwa na shemeji yake walikuwa na kalamu.”

“Basi yang’oe wewe, kama ni lazima.”

“Hakubali. Wewe ndiye uliyepanda la kwanza, na watu walikuona.”

“Mueni, sikiliza. Mimi siwezi kuacha kazi nije huko kung’oa majani kwa sababu ya ushirikina wa kikongwe mmoja.”

Simu zangu zote tatu nilizotunga ziliishia mahali hapo. Maneno yaliyosalia niliyasema bila kuyatunga.

“Si ushirikina, Profesa. Tulivuta kamba katika ploti ya mjane, tukapanda mstari, tukawaapia majirani zake kwamba hautaondoka. Ningekuwa yeye, ningelitoa paa zamani.”

Nilimsikia akifunga mlango.

“Na shahada yako?” aliuliza hatimaye. “Ukikivuruga kitalu leo huna vipimo vya msimu huu. Umelifikiria hilo?”

“Nimelifikiria hadi limechakaa. Nitaanza upya, kwenye makarai.”

“Mimi sijakubali.”

“Sikupiga kuomba kibali. Mabati matatu hayana misumari, watoto wako chini yake, na Mama Nafula hana kwa kwenda.”

Simu ilianza kulia ile milio yake ya kudai sarafu nyingine. Profesa alikohoa mbali kidogo na kipaza sauti, akasema labda kesho asubuhi, akishauriana na dereva.

“Ni leo, Profesa, kabla ya mvua,” nilisema. “Na jembe uliache. Shosho anataka mikono.”